Kupiga chapa ni sanaa, na shule zetu zinaweza kuifundisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa Arusha ambaye barua yake uliichapisha majuma mawili yaliyopita. Alieleza kwa uchungu, na kwa sehemu kubwa nakubaliana naye, kwamba somo la Sanaa na Michezo limeingia katika mtaala mpya wa shule za msingi huku walimu wengi wakiwa mikono mitupu, bila rangi, bila brashi na bila karatasi za kuchorea, na akahitimisha kwamba upande wa sanaa ni afadhali usimame hadi hapo vifaa vitakapopatikana. Kwenye hitimisho hilo ndipo tunapoachana. Nimefundisha sanaa za ufundi katika shule za sekondari za mkoa wa Kilimanjaro kwa miaka 27, na tangu nistaafu nawafundisha watoto wa mtaa wetu wa Pasua kila Jumamosi asubuhi. Katika muda wote huo ipo sanaa moja ambayo ukosefu wa vifaa haujawahi kunizuia kuifundisha, nayo ndiyo hiyo ambayo walimu wengi ama hawaigusi kabisa, ama huimaliza kwa kipindi kimoja cha kuchovya nusu ya kiazi katika rangi na kugonga daftari. Nazungumzia sanaa ya kupiga chapa.

Neno lenyewe linahitaji kufafanuliwa kwanza, kwa kuwa kwetu lina maana nyingi. Mfugaji wa Monduli akilisikia anafikiria ng'ombe na chuma cha moto. Mfanyabiashara wa mjini anafikiria kadi za harusi, vitabu vya risiti na fulana za kampeni. Ninayoisema mimi ni ile sanaa ambayo msanii mwenyewe huchonga au huchimba picha yake katika kibao, bamba la chuma au jiwe, akapaka wino, akalaza karatasi juu yake na kukandamiza, kisha akaibandua karatasi hiyo na kuikuta picha imehamia humo, kushoto imekuwa kulia na kulia kushoto. Kibao ni mzazi wa kazi. Karatasi 10 au 20 zitakazotoka kwacho ni ndugu wa tumbo moja, na kila moja ni kazi halisi ya mkono wa msanii. Nakala ya fotokopi haina hadhi hiyo, kwa sababu yenyewe ni picha iliyopigwa ya picha nyingine.

Njia zake ni nyingi, na ni za kale. Katika kibao cha mbao wino hukaa juu ya sehemu ambayo haikuchongwa. Katika bamba la shaba au zinki wino huingia ndani ya mikwaruzo na uso wa bamba hufutwa ukabaki safi. Katika skrini wino hupenya kitambaa mahali palipoachwa wazi. Na katika jiwe, kwa njia aliyoibuni Alois Senefelder kule Bavaria mwishoni mwa miaka ya 1790, wino hushika penye mafuta na kukataa penye maji. Kipo kitabu cha Kibudha kilichochapwa China kwa vibao vya mbao mwaka 868, chenye picha iliyochongwa kwa ustadi mkubwa mwanzoni mwake, ambacho hadi leo kimehifadhiwa London. Mimi nilikutana na sanaa hii bila kujua jina lake, katika maghala ya kahawa ya hapa Moshi, ambako marehemu baba yangu alikuwa na kazi ya kuweka alama kwenye magunia. Alikuwa na bati lililotobolewa herufi, brashi fupi ya nywele ngumu na kopo la rangi nyeusi. Alilaza bati juu ya gunia, akagonga brashi kwa kusimamisha mkono, asipake kama apakaye ukuta, kwa sababu ukipaka rangi hupita chini ya bati na herufi huvimba. Nilikuwa na umri wa miaka saba au minane, na somo hilo la kusimamisha brashi ndilo ninalowafundisha watoto wangu mpaka leo tunapochapa kwa karatasi iliyotobolewa.

Sasa nieleze kinachotokea darasani, kwa maana hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mtoto anayechora kwa penseli hufuta na kuanza upya; mtoto anayechonga kibao hawezi kurudisha alichokiondoa, na kwa hiyo hulazimika kufikiri kabla ya mkono kwenda. Tena hufikiri kinyume mara mbili. Kwanza, anachokiondoa ndicho kitakachokuwa cheupe. Watoto wa Moshi wote, ukiwaacha wachague wenyewe, huanza na mlima, na kila mwaka hukosea mahali palepale: huchonga mwamba kwa bidii na kuiacha theluji, kwa sababu kwao theluji ndiyo kitu na mwamba ni nafasi tu. Karatasi inapobanduliwa, Kibo inatoka ina kofia nyeusi juu ya mwili mweupe. Hakuna maelezo ya mwalimu yanayoweza kufundisha uhusiano wa mwanga na giza kama karatasi hiyo moja inavyofundisha, na mtoto aliyeiona hasahau tena.

Pili, picha hugeuka. Mvulana mmoja wa darasa la tano alichonga jina la mji wetu kwa herufi kubwa, akalipanga kama linavyosomeka, na chapa ikatoka IHSOM, herufi S ikiwa imetazama nyuma. Wenzake walipomaliza kushangaa niliwauliza kwa nini M, O, H na I zimetoka sawasawa na S peke yake imeharibika. Tulikaa juu ya swali hilo kwa zaidi ya nusu saa. Walikunja karatasi, wakaleta kioo kidogo cha kujitazamia, wakachora mstari katikati ya kila herufi, na mwishowe msichana mmoja akasema kwamba herufi nne zina upande wa kushoto na wa kulia unaofanana lakini S haina. Hiyo ni hesabu ya ulinganifu, ambayo nilijua mwalimu wao wa Hisabati alikuwa ameifundisha kwa ubao na chaki muhula uliotangulia. Hapa waliigundua kwa sababu waliihitaji. Mvulana yule alichonga kibao cha pili, na safari hii aliandika kwanza kwenye karatasi nyembamba, akaigeuza na kuisugua upande wa nyuma ili penseli ihamie kwenye kibao.

Kuhusu vifaa, naomba niwe mahususi, maana barua ya msomaji mwenzangu ilisimama juu ya jambo hilo. Linoleamu halisi, ambayo Frederick Walton aliibuni Uingereza katika miaka ya 1860 kwa kuchanganya mafuta ya mbegu za kitani, unga wa koki na vumbi la mbao juu ya kitambaa cha gunia, ni nzuri kwa kuchonga lakini si rahisi kuipata madukani kwetu, na lile kapeti la plastiki linalouzwa kwa mita si linoleamu, ingawa aina iliyo nene na laini huchongeka vizuri upande wake wa nyuma. Ukiipata linoleamu halisi, ujue kwamba baridi huifanya ngumu. Sisi katika miezi ya Juni na Julai tunaianika juani kwa robo saa kabla ya kuanza, na patasi huingia bila kulazimishwa. Wakati mwingine tunatumia vipande vya plaiwudi vinavyobaki kwa mafundi seremala, mpira wa tyubu uliogundishwa juu ya kibao, na maboksi ya maziwa, ambayo upande wake wa ndani unaong'aa hushika mikwaruzo ya msumari na kushika wino ndani ya mikwaruzo hiyo. Patasi ndogo tunatengeneza kwa njiti za mwavuli mbovu. Njiti hizo zina mfereji tangu kiwandani. Ukiinoa ncha yake kwenye jiwe na kuichomeka katika mpini wa mti, unapata kifaa kinachotoa mstari mwembamba na safi.

Mashine ya kukandamizia pia si sharti la kuanzia. Wajapani walitengeneza chapa zao maarufu duniani kwa kusugua mgongo wa karatasi kwa kisahani kilichofungwa ganda la mwanzi, na wakachanganya rangi zao na maji pamoja na uji wa mchele. Sisi tumekata kisahani cha boksi nene na kukifunga ganda kavu la mgomba, ambalo kwetu halinunuliwi, na linasugua vizuri kiasi kwamba wakati mwingine naliona bora kuliko mgongo wa kijiko. Kwa wino mweusi tunatumia ule wa mitambo ya uchapaji, ambao baadhi ya wapiga chapa wa mjini hukubali kutuuzia kwa kipimo. Hausafishwi kwa petroli wala kwa mafuta ya taa, kama wengi wanavyofanya na kuwaumiza watoto vichwa. Husafishwa kwa mafuta kidogo ya kula na kitambaa, kisha maji ya sabuni.

Lazima niseme pia juu ya hatari, kwa sababu mzazi ana haki ya kuuliza. Patasi hukata. Kanuni yetu ni kwamba mkono usiochonga hukaa nyuma ya ncha, kamwe hauwi mbele yake, na kila mtoto huwekewa kibao chenye kizuizi kinachoshika ukingo wa meza ili kazi isiteleze. Walio chini ya darasa la tatu hawapewi patasi, wao hubandika. Hukata maumbo ya boksi, kamba, majani makavu na mchanga, wakavigundisha juu ya karatasi ngumu, wakapaka wino na kuchapa. Njia hii ya kubandika ilinifundisha mimi mwenyewe jambo nililokuwa nimelipuuza kwa miaka mingi. Miongoni mwa watoto wa Jumamosi yumo msichana mwenye uoni hafifu sana, ambaye katika vipindi vya kuchora alizoea kukaa pembeni. Katika kubandika yeye ndiye anayewatangulia wenzake, kwa kuwa kibao chake anakisoma kwa vidole tangu mwanzo hadi mwisho, na anajua kabla ya kuchapa ni wapi wino utashika kwa wingi na wapi utapungua. Pale Patandi, karibu na Tengeru, tunacho chuo kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Ningefurahi sana kama wakufunzi wake wangelichukua jambo hili na kulijaribu kwa upana kuliko mimi ninavyoweza.

Nimesema sanaa hii inawafaa wasio na mali, na sisemi kwa kubahatisha. Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi ambapo Mwafrika mweusi alikuwa na mahali pachache mno pa kujifunza sanaa, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lilifungua kituo cha sanaa na ufundi mahali panapoitwa Rorke's Drift, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kikiongozwa na mtu na mkewe kutoka Uswidi, Peder na Ulla Gowenius. Kituo kilikuwa kijijini, mbali na miji mikubwa, na sanaa iliyokipa jina ilikuwa chapa ya linoleamu. Humo alipita Azaria Mbatha, aliyechonga habari za Biblia zikiwa na watu weusi kama yeye, na humo alipita John Muafangejo, aliyezaliwa Angola mwaka 1943 na kufanya kazi zake nyingi Namibia hadi alipofariki mwaka 1987. Huyu Muafangejo alizijaza chapa zake maneno, sentensi nzima nzima zilizochongwa kinyume ili zisomeke sawa kwenye karatasi. Huwaonyesha watoto wangu picha za kazi hizo kila wanapolalamika kwamba herufi tano za Moshi ni nyingi.

Nasi hatukuwa mbali na njia hiyo. Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 ilikuwa na wasanii waliochapa kwa mabamba ya chuma, na miongoni mwa waliofanya kazi pale walikuwamo George Lilanga na Robino Ntila. Mlimani kwetu vipaji havikukosekana kamwe. Sam Ntiro wa Machame alisoma Makerere na kisha London, na baada ya uhuru akawa balozi wetu wa kwanza Uingereza. Elimo Njau wa Marangu, naye mwanafunzi wa Makerere, alianzisha jumba la sanaa kijijini kwao katika miaka ya 1960 kabla ya kazi yake kubwa ya Nairobi. Wote wawili walikuwa wachoraji wa rangi, na walioinuka nyuma yao waliwafuata katika rangi. Chapa haikupata mtu wa kuisimamia huku kaskazini. Hilo nalihesabu kuwa pengo, na halitokani na mila zetu, kwa kuwa wazee wa Kichaga walifundishia vijana wao kwa mregho, fimbo iliyochanjwa alama ambayo kila mchanjo wake ulikuwa na fundisho; na pale Arusha penyewe wako wachongaji wa vinyago ambao mikono yao inaujua mti kuliko mwalimu yeyote wa sanaa ninayemfahamu, na ambao wangehitaji siku chache tu kuzoea kuchonga kibao bapa.

Hapa naomba niseme na wasanii wa Arusha moja kwa moja. Ukipita kwenye maduka yanayouzia watalii, utamwona tembo yuleyule, machweo yaleyale na Wamaasai walewale watatu katika turubai 50, na nyuma ya kila turubai yuko kijana aliyeketi chini kuanzia asubuhi akirudia alichokichora jana. Simlaumu, anatafuta chakula cha watoto. Lakini kama riziki yake inamlazimu kutoa picha moja mara nyingi, kupiga chapa ndiko kulikobuniwa kwa kazi hiyo, tena bila kumdanganya mnunuzi. Msanii anachonga kibao kimoja kwa uangalifu wote alionao, anaamua tangu mwanzo kwamba atatoa chapa 20 na si zaidi, anaandika kwa penseli chini ya kila karatasi namba yake, yaani 1/20, 2/20 na kuendelea, pamoja na jina la kazi na sahihi yake, na akishafika ya 20 anakikwaruza kibao ili kisitumike tena. Mnunuzi anajua amepata nini. Bei ya chapa moja inaweza kuwa ndogo kuliko ya turubai, na hilo kwangu ni jambo kubwa kuliko biashara ya watalii, kwa sababu linamwezesha nesi wa hospitali ya Mawenzi au mwalimu wa Majengo kununua kazi ya sanaa na kuitundika sebuleni kwake. Nyumba nyingi nilizoingia mjini hapa zina kalenda ya duka ukutani na saa, basi. Siamini kwamba wenyewe hawapendi picha. Naamini hazijawahi kuuzwa kwa bei yao.

Uaminifu huo wa namba una maadui. Kijana mmoja niliyemfundisha alipeleka chapa zake tano kwa muuzaji mmoja wa Arusha, akaacha na kibao alipoombwa kukiacha ili wateja waone jinsi kazi inavyofanyika. Alipokwenda kuchukua fedha miezi mitatu baadaye alikuta chapa nyingine nyingi za kibao hichohicho zikiuzwa, zimechapwa vibaya kwa wino uliofurika, na namba chini yake zimeandikwa na mkono usio wake. Alilia mbele yangu, na mimi nilijilaumu kwa kumfundisha kuchonga bila kumfundisha kwamba kibao hakitoki mikononi mwa msanii kwa sababu yoyote ile. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda kazi za sanaa, na ofisi ya COSOTA, inayosimamia hakimiliki nchini, ipo. Nawaomba walimu wenzangu waliweke jambo hili ndani ya somo lenyewe, siku ileile mtoto anapoandika namba kwa mara ya kwanza chini ya chapa yake.

Nimalizie na lile linalozidi uwezo wa mwalimu mmoja. Mtoto wa shule ya msingi anatosheka na kijiko na ganda la mgomba, lakini kijana aliyemaliza kidato cha nne na anayetaka kuendelea anahitaji mashine, na mashine si kitu cha mtu mmoja. Yetu aliiunda fundi wa kuchomelea hapa mjini, kutoka mabomba mawili ya chuma nene yaliyopatikana kwenye chuma chakavu, akayanyoosha kwa fundi mwenzake mwenye mashine ya kukereza, na kuweka usukani wa kuzungusha. Blanketi za kulainisha mkandamizo tulizipata Kiboriloni kwenye mitumba, za sufu tupu, na kwa wiki mbili nilikuwa nikiwachosha wauzaji kwa kuomba kuzigusa moja moja, maana zile zenye nailoni huteleza na kukunja karatasi. Gharama yote haikufika bei ya pikipiki iliyotumika. Kwa mashine hiyo tunachapa mabamba ya aluminiamu ambayo wapiga chapa huyatupa baada ya kazi, yakikwaruzwa kwa ncha ya chuma. Vijana wakubwa wawili wameanza kuchimba bamba kwa mrututu uliochanganywa na chumvi, ile dawa ya buluu ambayo wakulima wa kahawa wanaifahamu tangu zamani, badala ya asidi ya naitriki ambayo mvuke wake hauingizwi katika chumba cha kufundishia. Hata mrututu una masharti yake: glavu, madirisha wazi kwa kuwa gesi hutoka bamba linapochimbwa, na maji yaliyotumika hayamwagwi kwenye mfereji wa shamba.

Ninachokiomba basi ni chumba. Moshi na Arusha kila mmoja upate chumba kimoja cha wazi, kiwe cha halmashauri, cha usharika au cha parokia, chenye meza imara, maji, mwanga wa mchana na mashine moja ya aina hiyo, mahali ambapo mwanafunzi wa sekondari, mchongaji wa vinyago na mwalimu wa shule ya msingi wanaweza kuingia na vibao vyao na kuchapa kwa zamu. Wale wa Rorke's Drift walipewa nafasi na kanisa, na huku Kilimanjaro na Arusha makanisa yana kumbi ambazo siku za katikati ya juma hufungwa. Na vyuo vya ualimu, Marangu na Monduli kwa kuanzia, vimfanye kila mwanachuo wa sanaa achonge, achape na kutia namba chapa 10 zinazofanana kabla hajaenda kufundisha. Nasema 10 kwa makusudi. Chapa ya kwanza hutoka vizuri kwa bahati. Ni kufikia ya sita au ya saba, wakati wino umeanza kukauka kwenye rola na mkono umechoka, ndipo mtu anapojua kama amejifunza au la. Mwalimu ambaye hajapita hapo atarudi kwenye kiazi, na siwezi kumlaumu.

Msomaji mwenzangu wa Arusha aliuliza mwishoni mwa barua yake nani atanunua rangi. Darasa la chapa huanza na rangi moja, nyeusi, na linaweza kukaa na hiyo mwaka mzima bila kuchoka. Kopo letu la kilo moja tulilifungua mwezi wa Februari. Watoto 34 wamechapa kwalo kila Jumamosi isipokuwa zile za Pasaka na za mvua kubwa, na jana nilipolifungua kulikagua kabla ya kuandika barua hii, bado lilikuwa na zaidi ya theluthi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Sanaa za Ufundi,
Pasua, Moshi